Majembe ya Kilunda

Wapo watu wa Ifakara wanaoapa kwamba Mjerumani, alipofukuzwa na Mwingereza, alizika mali yake yote katika bonde hili kisha akasahau kuja kuichukua. Ukiwauliza kwa nini azike huku kwenye maji yanayopanda kila masika badala ya kuondoka nayo, watakutazama kama mtu asiyependa maendeleo. Severini alikuwa mmoja wao, tena wa mstari wa mbele.

Zamani alikuwa fundi baiskeli pale Lipangalala, fundi hasa, wa kunyoosha rimu iliyopinda kwa kuikodolea macho tu. Miaka saba iliyopita alibadilishana na Makoye, Msukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wake. Makoye akachukua pikipiki ya Severini, Severini akachukua mashine ya kupimia madini ambayo Makoye aliitumia Geita enzi za kutafuta dhahabu. Ilikuwa fimbo ndefu yenye sahani ya plastiki chini na kisanduku cha betri juu. Ukiipitisha palipo na chuma, inalia. Mkewe, Mariana, alivumilia mashimo kwa miaka mitatu, kisha akarudi kwao Kiberege bila ugomvi. Alisema tu kwamba amechoka kuolewa na koleo.

Mnunuzi wa Severini alikuwa kijana wa Mlabani, Wiliam, mwenye kibanda cha kuchaji simu na, nyuma ya pazia, biashara ya vitu vya kale. Walichokitafuta wote wawili ni rupia ya Mjerumani inayovuta mchele. Ndivyo walivyoamini: rupia ya kawaida, yenye kichwa cha mfalme na kofia yake, haina maana, lakini ipo nyingine, ukiisogeza karibu na punje za mchele, punje zinaifuata. Anayeipata hiyo ameagana na umaskini. Basi kila rupia aliyoleta Severini, Wiliam alimwaga punje chache juu ya sahani ya bati, akaisogeza rupia taratibu, wote wakabana pumzi. Mchele wa Kilombero ukalala pale pale, hauna habari. Wiliam akamlipa cha kulipa na kumwambia asikate tamaa.

Sharti lake lilikuwa moja. Kila kitu kipigwe picha kikiwa bado shimoni, na matope yake, na mazingira yaonekane. Eti kikioshwa kinapoteza nguvu, na wanunuzi wakubwa hawaamini kitu ambacho hawajakiona kikitoka ardhini. Severini akawa anachimba, anapiga picha, anatuma. Simu yake ilijaa mashimo.

Mahali alipopachimba kuliko kote ni Kilunda, ng'ambo ya mto, mahame ya ukoo wake. Yeye mwenyewe alizaliwa pale. Watu waliishi Kilunda tangu kabla ya Mjerumani hadi mwaka sabini na nne, walipohamishiwa kwenye kijiji cha barabarani na nyumba zao zikaachiwa mchwa. Lakini ukoo haukuitupa ardhi. Aurelia, mdogo wake Severini, alilima mpunga pale kila mwaka. Mpunga huo ndio uliowasomesha wanawe, na ndio uliomlisha shangazi yao Yosefina, bibi wa miaka themanini aliyekuwa akikaa kwake.

Kisha ikaja habari ya mpaka.

Ilikuwa mwezi wa kumi, ardhi imekauka na kupasuka. Kamati ya mipaka iliitisha mkutano ikatangaza kwamba eneo la hifadhi linapimwa upya. Atakayeonyesha kuwa shamba lake lilikuwa makazi ya watu tangu zamani, kwa makaburi au mabaki yoyote ya kale, atawekwa nje ya mstari aendelee kulima. Atakayeshindwa, mvua ikinyesha asipande tena. Kilunda ingepitiwa Alhamisi ya wiki iliyofuata.

Wengine walitoka mkutanoni wamejishika vichwa. Aurelia alitoka anatabasamu.

"Kaka," alisema jioni hiyo walipokuwa wamekaa uani kwake, "ile mashine yako tuliyoicheka miaka yote, leo ndiyo mkombozi wetu. Yale majembe ya makaburini si yapo?"

"Yapo," Severini alijibu.

Hapa lazima niyaeleze hayo majembe, maana bila hayo habari hii haina kichwa wala miguu. Kilunda ni bondeni kabisa. Mto ukifura, maji hukaa juu ya makaburi wiki nne, tano. Msalaba wa mti unaondoka, tuta linasawazika, na kinachobaki anamaliza mchwa. Kwa hiyo ukoo wao ulikuwa na utaratibu wake. Mtu akifa, jembe lake mwenyewe, lile alilolimia, lilifukiwa kichwani pake, kina cha mkono mpaka kiwiko. Kila mwaka, siku ya kuwaombea marehemu, wazee walishika nondo nyembamba zilizochongolewa, wakadunga ardhi taratibu mpaka chuma kigonge chuma. Wakishasikia mlio wanajua hapa yupo fulani. Wanafyeka, wanasimika msalaba mpya, wanasali. Severini alikuwa na miaka saba alipopewa nondo kwa mara ya mwisho. Mwaka uliofuata wakahamishwa, na desturi ikafia hapo.

Yeye hakusahau, na heri angesahau. Mwaka wa pili wa mashine yake, Kilunda ilikuwa imeshatoa hela za Mjerumani, senti za tundu za Mwingereza, vifungo vya makoti na maganda ya risasi, na sasa haikutoa tena. Wiliam akamwambia watu wa kale walizika fedha pamoja na wafu wao. Severini akaenda moja kwa moja anakojua. Alianza na jembe moja, akiapa ni hilo tu. Chini yake hamkuwa na kitu. Akajaribu la pili. Alijiambia kwamba hawagusi marehemu, anainua chuma tu, na kweli hakushuka chini ya kiwiko. Msimu ulipokwisha alikuwa ameinua majembe kumi na moja, yote yaliyokuwepo. Wiliam hakuyataka, basi Severini akayapeleka kwenye skrepa, kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, yakapimwa kilo. Mashimo akayafukia vizuri. Aurelia akaleta trekta likalima juu yake, na mwaka ule mpunga ulikubali sana.

Ndiyo maana alipojibu "Yapo," hakumtazama dada yake.

Shangazi Yosefina alikuwa amekaa kwenye mkeka, anapeta mchele wa kesho. Aliacha kupeta.

"Baba," alimwambia Severini, maana ndivyo alivyomwita tangu utotoni, "ukimpata mama yangu uniambie mimi kwanza. Nataka mnilaze ubavuni kwake. Nimebakiza nini kingine hapa duniani?"

"Sawa, shangazi."

"Umri huu nilionao, kila nikilala nawaza, nikifa kesho wanaanza kuulizana wanipeleke wapi."

"Nitampata, shangazi."

Asubuhi iliyofuata alikuwa Kilunda. Alipitisha mashine mstari kwa mstari, kama mtu anayefagia uwanja wa mpira, akiomba Mungu iwe kwamba yeye mwenyewe alisahau jembe moja. Moja tu, hata lililovunjika. Siku ya kwanza alipata kizibo cha soda na bolti ya trekta. Siku ya pili, kipande cha waya. Siku ya tatu mashine haikulia hata mara moja, akaketi katikati ya shamba, jua la saa sita utosini, akalia kwa sauti. Alilia kwa uchungu na kwa hasira. Alikasirika kwamba alifanya kazi yake vizuri mno. Fundi mzembe angebakiza kitu.

Jumatatu akamwendea Wiliam.

"Yale majembe yangu," alisema, "wale wa skrepa wanaweza kuwa nayo?"

Wiliam alicheka mpaka akaegemea kaunta. "Mzee Severini! Miaka mitano? Yale yalishapakiwa lori yakaenda Dar, yakayeyushwa. Saa hizi ni nondo za ghorofa la mtu."

"Na zile rupia?"

"Zilishasafiri. Kwani kuna nini?"

Severini akamweleza. Wiliam aliacha kucheka, akakuna shingo. "Basi nunua jembe lolote la zamani ulifukie," alisema. "Kamati watajuaje? Hawa si watu wa kupima ramani tu?"

Njia nyingine ilikuwepo, na Severini aliijua tangu siku ya mkutano. Picha. Usiku huo aliwasha simu akazipitia, ingawa hakuhitaji. Majembe yote kumi na moja, kila moja shimoni mwake, tarehe chini, na nyuma yake ule mti wa mvumo uliokatika kichwa unaosimama pembeni mwa shamba la Aurelia mpaka leo. Ushahidi gani mwingine wangetaka? Lakini kuzionyesha ni kusimama mbele ya mdogo wake na shangazi yake na kusema: mimi ndiye niliyewafukua. Alizima simu. Aliona afadhali ajaribu kwanza uongo.

Jumanne akapata jembe kuukuu kwenye lundo la skrepa, limeliwa na kutu, akalipenda. Akalipeleka Kilunda mapema kabla jua halijapanda, akachimba mpaka kiwiko, akalilaza, akafukia, akamwaga maji ya kwenye chupa, akakanyaga, akatawanya mabua juu. Aliporudi nyuma hatua kumi hakuliona shimo lake mwenyewe. Alijisifu kidogo, maskini.

Alhamisi kamati ikafika na gari lao, watu watano, mkubwa wao afisa mpimaji aitwaye Ignas, kijana mtulivu mwenye faili kubwa. Shangazi Yosefina aliletwa kwa bodaboda, akawekewa kiti cha plastiki. Wanakamati wote walimwamkia shikamoo, naye akawajibu mmoja mmoja, amevaa kitenge chake cha kanisani. Aurelia alikuwa amepika na kuleta chakula cha wageni kabla hata hajajua kama kuna cha kusherehekea.

Severini akawasha mashine. Akazunguka kidogo kwa heshima ya mchezo, kisha akaelekea pale. Mashine ikalia. Aurelia akapiga kigelegele.

Akachimba. Jembe likatoka. Afisa Ignas akatabasamu, akafungua faili.

"Nileteeni nilione," alisema shangazi.

Wakamletea. Akalifuta kwa upindo wa kitenge, akalipapasa bega moja, akalipapasa la pili, akalirudia la kwanza. Uso wake ulianza kushuka.

"Hili si la kwetu," alisema.

"Shangazi, kutu imelila," Severini aliwahi.

"Baba yangu alikuwa mhunzi. Kila jembe la Kilunda alilifua yeye, na hapa begani alipiga patasi mara tatu, mikato mirefu. Hata kutu ikila namna gani, mikato ile haiishi. Hili la dukani."

Afisa Ignas alisogea. Aliinama kwenye shimo, akachukua udongo kidogo, akausugua kati ya vidole. Kisha akachukua mwingine hatua mbili pembeni.

"Mzee wangu," alisema kwa upole uliouma kuliko matusi, "huu una unyevu na ni laini. Huu mwingine ni mkavu kama tofali. Shimo hili limechimbwa juzi."

Akafunga faili. Akashukuru familia kwa ushirikiano, akasema Kilunda hakuna ushahidi, akawaashiria wenzake waelekee kwenye gari.

"Jamani ngojeni!" Aurelia alipiga kelele. "Kaka, jaribu pale! Pale kwenye tuta la shamba! Babu si alikuwa pale?"

Severini akaenda kwenye tuta. Mashine kimya.

"Basi pale! Sogea, sogea zaidi!" Alikuwa anakimbia mbele yake, anamwonyesha kwa mikono miwili, khanga imemdondoka hakuiokota. "Hapa alizikwa mjomba, nakumbuka walisema hapa! Pitisha! Pitisha tena!"

Alipitisha, akapitisha tena. Aurelia alipiga magoti akaanza kuchimba kwa mikono, akiitaja Kilunda, akiwataja wanawe, akimtaja Mungu. Kucha zilikuwa zinatoka damu. Mlango wa gari ukafunguliwa. Hapo Severini akaona hawezi kumtazama dada yake sekunde moja zaidi.

"Afisa," aliita. "Ngoja. Yalikuwepo."

Akatoa simu.

Ignas alizipitia picha zote amesimama, polepole. Alitazama tarehe. Alinyanyua macho akautazama mvumo, akairudia simu, akautazama tena mvumo.

"Haya majembe yalitoka hapa?"

"Hapa."

"Kwenye nini?"

"Makaburini," Severini alisema. "Makaburi ya bibi na babu na wengine wa kwetu. Niliyatoa mimi, nikayauza skrepa. Hakuna aliyejua."

Alisema kwa sauti ya kusikika, maana alijua akinong'ona ataambiwa arudie. Afisa alifungua faili, akaandika kwa muda mrefu, akamwambia amtumie picha zile hapo hapo, zikatumwa. "Kilunda itakuwa nje ya mstari," alisema hatimaye. "Ni makazi ya kale, ushahidi umepatikana. Hayo mengine mtayamaliza na wazee wenu." Wakapiga kigingi kimoja cha alama mwishoni mwa shamba, wakaacha vingine viwili vya akiba, wakaondoka. Chakula cha Aurelia hakikuguswa.

Kwa hiyo shamba lilipona. Ningependa kusema kwamba walifurahi.

Aurelia aliinuka pale chini, akamfuata kaka yake, akamtandika kofi. Moja tu. Hajawahi kumpiga mtu mzima maishani mwake, na alipomaliza aliutazama mkono wake kana kwamba si wake.

"Mimi nalima," alisema, "nalima juu yao miaka yote, najua wapo chini wamelala na vyuma vyao. Kumbe umewaacha hawana hata jina."

Severini alibaki ameishika simu mkononi.

"Mlete hapa huyo," shangazi aliita kutoka kitini. "Na hiyo simu."

Akachuchumaa mbele yake. Macho ya bibi yalikuwa na ukungu. Aliisogeza simu mpaka karibu igusane na pua, na Severini akawa anamsogezea picha moja baada ya nyingine kwa kidole. La kwanza likapita, la pili, la tatu. Alipofika la saba akamshika mkono.

"Acha hapo."

Lilikuwa jembe dogo, limelala kwenye matope, mikato mitatu begani. Upande mmoja wa makali ulikuwa umelika kuliko mwingine.

"Mama alikuwa mashoto," alisema shangazi. "Wenzake walimcheka shambani. Jembe lake lilikuwa linaliwa huku." Akaipitisha ncha ya kidole juu ya kioo, kwenye yale makali, picha ikaruka, Severini akairudisha. "Ni yeye. Hili lilitoka wapi? Nipeleke."

Severini akaitazama picha. Shimo, matope, jembe, mvumo nyuma. Akaitazama ya sita. Shimo, matope, jembe, mvumo nyuma. Zote zilikuwa hivyo. Trekta lilikuwa limepita juu ya pale mara tano tangu siku ile, na shamba lilikuwa tambarare kama meza. Kama jembe lingekuwa bado chini, angempeleka kwa mlio, angesimama juu ya kichwa cha bibi yake bila kukosea hata shubiri. Sasa hakujua. Huenda ilikuwa kulia, huenda ilikuwa karibu na mfereji. Hakujua kabisa.

Shangazi alikuwa ameshajinyanyua kwa fimbo, anamsubiri ampe bega.

Angeweza kusema hajui. Tayari siku hiyo alikuwa amesema kubwa kuliko hilo. Lakini alimwona bibi wa watu anavyoegemea fimbo, amevaa kitenge chake cha kanisani, na hakuweza. Akampa bega. Wakatembea taratibu juu ya madongoa, hatua thelathini, arobaini, Severini akitafuta mahali penye sura ya kaburi na hapakuwepo. Mwishowe akasimama.

"Hapa, shangazi."

Shangazi akavua kandambili. Akashuka chini kwa taabu, goti moja, kisha la pili, akaweka viganja vyote viwili juu ya udongo.

"Shikamoo, mama," alisema.

Akatega sikio, kama anayesubiri marahaba. Kisha akaanza kumweleza: ni mimi Yosefina, nimekawia, nisamehe, tulihamishwa, watoto wapo, huyu Aurelia anatulisha wote. Alizungumza muda mrefu. Mengine aliyasema kwa Kindamba, kwa sauti ya chini, na mengine alicheka mwenyewe. Alipomaliza alimgeukia mpwa wake, machozi yamejaa mikunjo ya uso.

"Hayo mengine Mungu atajua la kukufanya," alisema. "Lakini hili umenitendea, baba. Ahsante. Aurelia! Hapa ndipo mtakaponilaza. Weka alama nisije nikapotezwa."

Aurelia alikwenda kuokota kigingi kimoja kati ya vile walivyoacha wapimaji, na jiwe. Aliporudi alisimama karibu sana na kaka yake, shangazi asisikie.

"Ni hapa kweli?" alimwuliza.

Severini akatazama chini.

"Ni hapa," alisema.

"Basi kishike kinyooke."

Akapiga magoti, akakishika kigingi kwa mikono miwili, na Aurelia akaanza kukigongea.